Makungwi Wawili wa Buluu

Mumbe alikuwa mtu wa kujibu kwa macho. Ukimwuliza kama amekula, alitazama sufuria. Ukimwuliza ataolewa lini, alitazama mlango, na kabla hujamaliza kucheka alikuwa ameshatoka. Bi Mwanaima, jirani aliyekaanga mahamri pale uani, alizoea kumwambia, "Mwanangu, haya zako zitakunyima hata maji ya kunywa," naye Mumbe akacheka ndani ya kiganja, basi.

Mikono yake, lakini, haikuwa na haya. Nyanya yake alimfundisha kusuka kiondo akiwa mdogo, kule Shimba Hills walikohamia Wakamba wengi kutafuta mashamba. Alijua kusokota mkonge pajani mpaka uzi ukawa mwembamba kama wa duka, na alijua kupanga rangi. Nyanya alikuwa na sheria moja tu: kila rangi ikae na kivuli chake. Nyekundu iliyoiva kando yake nyekundu iliyopauka, kijani cha mgomba kando yake kijani cha nyasi. Kiondo kisichopangwa hivyo, nyanya alisema, ni gunia lenye mikono.

Darasa la sita Mumbe aliliacha katikati, mama yao alipougua na akatakiwa mtu wa kukaa naye. Mama alipofariki, hakuna aliyekumbuka kumrudisha mtoto shuleni, na Mumbe hakuwa mtu wa kuwakumbusha wengine. Mvua za Elnino zilipokatika, kaka yake Munyoki akamleta Ukunda, nyuma kidogo ya Kona ya Musa, akae naye na mkewe Kamene.

Munyoki alikuwa fundi umeme wa hoteli kule Diani. Watalii walipopungua, hoteli ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hakulia. Alinunua kompyuta kuukuu ambazo hoteli hiyohiyo ilikuwa ikiziondoa, akakodi chumba cha mbele kinachotazama barabara na chumba kingine nyuma ya ua, akatangaza kwamba Ukunda sasa itapata shule ya kompyuta. Mashine za wanafunzi zingekaa mbele, ili wapita njia waone. Mashine kubwa na ile ya kuchapia zingekaa nyuma, mbali na vumbi. Na zote zingeunganishwa kwa kebo, ili mtu aandike huku na karatasi itoke kule.

Kebo zenyewe hazikuwa za kununua zikiwa tayari. Za tayari ziliagizwa mbali na zilikuja fupi au ndefu kuliko unavyotaka. Munyoki alivuka feri kwenda maduka ya ng'ambo, akarudi na boksi la kebo iliyozungushwa kama kamba ya mbuzi, mfuko wa plagi ndogo za plastiki angavu zenye meno ya shaba, na plaizi ya kubania. Zile plagi ndogo, nyumbani walizoea kuziita vichwa.

"Ndani ya kebo kuna nyuzi nane," alimwonyesha dada yake. "Zimesokotwa mbili mbili. Unazisokotoa hapa mwisho, unazinyoosha, unazipanga bapa, unazisukuma ndani ya kichwa mpaka ziguse ukuta, unabana. Kichwa kikishabanwa hakifunguki tena. Ukikosea, ni cha kutupa."

"Nazipanga vipi?" Mumbe aliuliza, kwa sauti ya kumwomba jirani chumvi.

"Vyovyote. Ilimradi pande zote mbili zifanane."

Ndivyo alivyosikia mwenyewe kule hotelini, na ndivyo alivyoamini. Mumbe akazitazama zile nyuzi. Chungwa na mwenzake mweupe wenye mistari ya chungwa. Kijani na mwenzake. Buluu na mwenzake. Kahawia na mwenzake. Moyo wake ulifurahi. Ilikuwa kana kwamba nyanya mwenyewe alikuwa ameingia ndani ya kebo akapanga. Akaziweka kila moja na kivuli chake, chungwa, kijani, buluu, kahawia, akabana.

Kazi hiyo aliifanyia chumbani nyuma ya pazia, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa na sababu ya pazia. Wasukaji wa vyondo hushika uzi kwa dole gumba la mguu ili mikono yote miwili ibaki huru, na Mumbe hakujua njia nyingine ya kushika kitu chembamba. Alibana kebo mguuni, akanyoosha nyuzi kwa ukucha, akazikata sawa. Munyoki mwenyewe vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za bokoboko. Kila vichwa vitatu alivyobana, kimoja kilikuwa cha kutupa. Mwisho akamwachia dada yake kazi yote.

"Ukimaliza kebo," alimwambia, "ile mashine ya pembeni ni yako kila jioni wanafunzi wakishaondoka. Kamene atakufundisha kupiga chapa."

Mumbe alitazama ile mashine ya pembeni. Usiku aliota anaandika, na herufi zilikuwa zikitoka vidoleni kama mtama unapopukuchuliwa.

Tatizo lilikuwa baba yao. Mzee Kivuva hakupenda binti yake akae mjini bila shule, bila kazi, bila mume. Alipopata habari za kebo, alituma neno kupitia mtu wa kanisani kwake: "Siku ya kufungua nitakuja mwenyewe. Munyoki anasema mtu ataandika mbele na karatasi itatoka nyuma. Nikiona hilo kwa macho yangu, nitajua ni kazi, na mtoto atabaki. Nikiona mchezo wa nyaya, narudi naye siku hiyohiyo. Mahindi yanataka palizi."

Wote waliomjua Mzee Kivuva walijua kwamba neno lake halina kona.

Kebo fupi zilijaribiwa Jumatano, mezani. Kamene aliandika "chai iko tayari" kwenye mashine moja na Munyoki akaisoma kwenye nyingine, na nyumba nzima ikacheka kana kwamba chai imetoka ndani ya waya. Ijumaa Mumbe alitengeneza ile ndefu, ya kutoka chumba cha mbele mpaka cha nyuma. Munyoki akapanda paani na kuipitisha juu ya ua, ikaning'inia juu kabisa ya karai la Bi Mwanaima.

Bi Mwanaima alisimama, mwiko mkononi, akaitazama kwa mashaka. "Yaani maneno ya watu yatapita juu ya mahamri yangu?"

"Yatapita tu, Bi Mwanaima. Hayagusi kitu."

"Na mtu akiandika matusi?"

"Yatapita vilevile."

"Basi ipandishe kidogo. Mimi wateja wangu wanatoka msikitini."

Kebo ikapandishwa. Munyoki aliposhuka ili aijaribu, umeme ukakatika Ukunda yote, ukalala hivyo mpaka asubuhi.

Jumamosi, siku ya kufungua, umeme ulirudi, na pamoja nao akaja Mzee Kivuva, amevaa koti la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Mumbe alimwamkia, "Shikamoo, baba," akapokea mfuko wa machungwa, akakimbilia jikoni. Kutoka jikoni alisikia watu wakijaa mbele: wenye maduka, mafundi cherehani, walimu wawili, wasichana wa saluni, na wengine waliofuata tu harufu ya mahamri. Munyoki alikuwa amevaa tai.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mke wangu ataandika neno hapa, na neno hilo litatokea chumba cha nyuma, kwenye karatasi, bila mtu kulibeba."

Kamene akaandika KARIBUNI. Akabonyeza. Watu wakageuka wote kutazama ua.

Nyuma hakukutoka kitu. Mashine ya kuchapia ilikaa kimya kama mbuzi aliyeshiba. Kamene akabonyeza tena. Kwenye kioo kikaja kijisanduku cha kusema kwamba mashine ya nyuma haionekani. Kikaondoka. Mashine ikaonekana. Ikapotea tena.

"Labda imekwenda haja," fundi cherehani mmoja alisema, na kicheko kikapita chumbani.

Munyoki alikimbia nyuma, akarudi mbele, akakimbia tena nyuma. Kile kisanduku kinachogawa waya, wanachokiita habu, kilikuwa kimewasha taa yake ya kijani vizuri kabisa. Kebo haikukatika. Kila kitu kilionekana kizima. Tai ilikuwa imegeukia begani.

Mumbe alitazama kutoka mlango wa jikoni. Hakuitazama habu, alimtazama baba yake. Mzee Kivuva alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya fimbo, na alikuwa akiitazama saa yake. Gari la Shimba Hills huondoka kabla ya adhuhuri.

Wakati huo ndipo alipoingia Elkanah, rafiki ya Munyoki, kijana wa Kijaluo aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli moja upande wa Galu. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa fulana yenye nembo ya kazini.

"Sasa, Munyoki. Mbona umekaa ni kama mtu ameibiwa?"

"Kebo imekataa. Taa imewaka, lakini hakuna kinachofika."

"Taa ni kama mlango kufunguliwa, bwana. Haimaanishi watu wa ndani wanaelewana. Hebu nione hii kitu." Elkanah akachomoa ncha ya ile kebo ndefu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Hii mpangilio ni ya nani?"

Mumbe alihisi uso ukimwaka. Akaingia nusu ndani ya jikoni.

"Ni wa hapa kwetu," Munyoki alisema haraka. "Niliambiwa ni vyovyote, ilimradi pande mbili zifanane."

"Kila mtu huambiwa hivyo. Kwa kebo fupi itakubali. Kwa hii ndefu, zii." Elkanah alionyesha kwa kalamu. "Angalia. Kompyuta haijui rangi, inajua tundu. Tundu la kwanza na la pili ni marafiki. Lakini la tatu, rafiki yake si la nne. Ni la sita."

"Kwa nini?" Kamene akauliza.

"Hao wa katikati, la nne na la tano, waliachiwa simu tangu zamani. Usiniulize na nani. Sasa nyinyi la tatu mmeweka kijani, la sita mmeweka buluu. Huyu kijani amesokotwa na mwenzake njia yote, wakiwa wawili wanazuia kelele. Akifika mwisho anaambiwa afanye kazi na mtu mwingine. Mbali namna hii, kelele ya huyu inaingia kwa yule, na hakuna kitu inasikika. Kijani lazima watengane hapa mwisho, buluu wakae katikati yao."

Watu walitikisa vichwa kama watu wanaoelewa. Bi Mwanaima, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la mahamri, akalitua sinia.

"Mbona hiyo ni harusi tu," akasema.

"Harusi vipi, mama?"

"Hawa chungwa wawili ni wazee, wametangulia mbele. Kijani ni bwana harusi na bibi harusi. Wameandamana njia nzima, lakini wakifika mlangoni ni lazima watenganishwe. Hawa buluu wawili ni makungwi. Wanakaa katikati, wanamfunda huyu, wanamzuia yule. Na hawa kahawia ni wapishi, wako nyuma na masizi yao."

"Mahari imelipwa?" akauliza Mzee Kivuva, na hata yeye mwenyewe akashangaa amesema.

Chumba kizima kikacheka. Elkanah akasema kwamba miaka yote ameushika mpangilio huo kichwani kama jedwali la shule, na sasa ameharibiwa. Kila akibana kebo ataona makungwi.

Lakini kicheko hakikuchapa karatasi. Munyoki alikwenda kwenye mfuko wa vichwa, akaupindua mezani. Vilikuwa vimebaki vitatu. Kebo moja ina ncha mbili. Vingine vilikuwa ng'ambo ya feri.

Akakata ncha ya mbele, akachuna ganda, akaanza kuzipanga nyuzi mwenyewe, watu wamemzunguka kama wanaotazama bao. "Wazee," alinong'ona, "bwana harusi, kungwi, kungwi." Jasho likamdondoka puani. Akabana. Elkanah akainua kwenye mwanga, akasonya kidogo.

"Mpishi mmoja ameingia kwa makungwi."

Vikabaki viwili. Mzee Kivuva akaitazama saa tena.

"Mwite Mumbe," Kamene akasema.

Munyoki alimjua dada yake. Aliwahi kumwona akishindwa kumaliza salamu kanisani kwa sababu watu wa kiti cha nyuma walikuwa wakimsikiliza. Lakini akageuka upande wa jikoni akasema, "Mumbe. Njoo unisaidie, tafadhali."

Mumbe alikuja. Hakujua amefikaje, alijua tu kwamba nyuso zilikuwa nyingi na kwamba mezani palikuwa na vichwa viwili, na kimojawapo kikiharibika, jioni yake itakuwa mahindini. Si kwamba alichukia mahindi. Ila mahindini hakuna anayekungoja uandike kitu.

Akaketi kwenye kiti, akashika nyuzi. Chungwa likateleza. Msichana mmoja wa saluni akainama kumsogelea, na mwalimu mmoja akainama juu ya msichana wa saluni.

"Pole pole, binti," mwalimu akasema. "Usiwe na wasiwasi." Neno la namna hiyo huongeza wasiwasi siku zote.

Mumbe akaziachia nyuzi. Kisha akasimama, akavua ndara, akaketi chini sakafuni mbele ya watu wote, akanyoosha miguu, akaibana kebo baina ya dole gumba na dole la pili.

Kuna aliyeguna. Fundi cherehani akaanza, "Na hii ndiyo kompyuta ya..." lakini Mzee Kivuva akagonga fimbo sakafuni.

"Mwacheni," alisema. "Hivyo ndivyo alivyoshika nyanya yake. Mkono ule haukuwahi kupoteza uzi."

Mumbe hakuinua macho. Mikono ilikuwa imetulia. Akazisokotoa nyuzi, akazinyoosha kwa ukucha, moja baada ya moja. Ila kulikuwa na giza. Kila mtu alitaka kuona, na kila aliyetaka kuona alikuwa amesimama dirishani.

"Jamani," akasema Mumbe, "mnanizibia mwanga."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wengi hivyo. Watu wakarudi nyuma kwa mara moja, hata mwalimu, na mwanga ukaanguka juu ya mguu wake. Akapanga: wazee, bwana harusi, makungwi wawili, bibi harusi, wapishi. Akakata sawa. Akasukuma mpaka shaba zikagusa ukuta. Akabana. Plaizi ikasema kwach.

Elkanah akainua kwenye mwanga. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. "Safi," akasema.

Kilibaki cha nyuma. Mumbe akavuka ua peke yake, kichwa cha mwisho kiganjani, akaingia chumba cha nyuma akakaa chini karibu na mashine ya kuchapia. Hapa palikuwa pazuri. Hapakuwa na mtu. Ukimya ulikuwa ule wa nyuma ya pazia, na mikono yake ikaanza kwenda yenyewe kama punda anayejua njia ya kisimani. Ikachuna, ikanyoosha, ikapanga, ikakata. Akaingiza nyuzi kichwani, akachukua plaizi.

Kivuli kikaingia mlangoni. Bi Mwanaima alikuwa ameshindwa kuvumilia.

"Mwanangu, niambie tu, nami niende zangu. Makungwi wamekaa wapi?"

Mumbe akaangalia kidoleni. Chungwa na kivuli chake. Kijani na kivuli chake, wamebanana kama siku zote, kama nyanya alivyotaka. Makungwi walikuwa wamekaa pembeni, na bwana na bibi walikuwa wamekumbatiana mlangoni mbele ya watu. Plaizi ilikuwa imeshafunguka kukibana kichwa.

Akaishusha polepole. Akazivuta nyuzi nje.

"Walikuwa wamesinzia," akasema.

"Waamshe," Bi Mwanaima akasema, akachuchumaa kando yake. "Makungwi wa kusinzia ndio wanaoharibu harusi za watu."

Mumbe akapanga upya. Safari hii alimsomea Bi Mwanaima kila mmoja kwa jina, na Bi Mwanaima akaitikia "naam" kama anayepokea wageni mlangoni. Kwach. Akachomeka kebo kwenye mashine kubwa.

Huko mbele, Kamene alikuwa amekaa tayari, vidole juu ya herufi. Lakini Mzee Kivuva aliinuka.

"Ngoja," akasema. "Hilo KARIBUNI lenu kila mtu amelisikia. Hata Mumbe huko nyuma amelisikia. Anaweza kuliandika kwa kalamu akaja nalo."

"Baba," Munyoki akaanza.

"Nimesema ninataka kuona kwa macho yangu. Kamene, njoo hapa nikunong'oneze neno lisilojulikana na mtu yeyote wa Ukunda."

Akamnong'oneza. Kamene akamtazama baba mkwe wake, akauma mdomo asicheke, akaandika, akabonyeza.

Chumba cha nyuma, mashine ya kuchapia ilishtuka. Bi Mwanaima akaruka akasema "Bismillahi," akashika ukuta. Kichwa cha mashine kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikipiga kelele ya msumeno, na karatasi ikaanza kutoka. Mumbe akaivuta. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Kumetoka kitu?" Munyoki aliita kutoka mbele, sauti imepasuka katikati.

Bi Mwanaima alimsukuma Mumbe begani. "Wajibu. Mimi sikusoma."

Mumbe akasimama mlangoni, ua wote mbele yake, na nyuso zote zikiwa zimejaa dirisha la ng'ambo. Neno lililokuwa kwenye karatasi hakulielewa, na labda ndiyo sababu hakulionea haya.

"JEMADARI," akapaza sauti. "Imeandikwa Jemadari."

Kicheko cha Mzee Kivuva kikatoka ndani, kicheko kikubwa ambacho Mumbe hakuwa amekisikia tangu mama yao alipokuwa mzima.

"Ni ng'ombe wangu," mzee akasema, akipangusa macho kwa mkono wa koti. "Dume la kulimia. Nimemnunua Jumanne. Hata kanisani sijamtaja."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Kila mmoja alitaka jina lake lipite juu ya mahamri. Fundi cherehani alituma la mkewe. Mwalimu alituma lake pamoja na vyeo vyote. Wasichana wa saluni walituma majina ya wanaume na wakakataa kusema ni wa nani. Na kila jina lilipotoka, Mumbe alisimama mlangoni akalisoma kwa sauti, na kila mara sauti ilipanda kidogo, mpaka wapita njia wakaanza kusimama barabarani kusikiliza ni nani anayeitwa. Elkanah aliahidi kuleta vichwa vipya Jumatatu ili zile kebo fupi nazo zifunge harusi kama inavyotakiwa. Alimwomba Mumbe amtengenezee mbili za hotelini kwake.

"Nitakutengenezea," Mumbe akasema, na akasahau kutazama mlango.

Saa ya gari ilipofika, alimsindikiza baba yake mpaka barabarani. Mzee Kivuva alikuwa amekunja karatasi ya Jemadari vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti, pale anapoweka Biblia ndogo.

Gari likasimama. Utingo akamtazama mzee, akamtazama binti, akahesabu kwa kidole. "Wawili, mzee? Ingieni, ingieni, kuna nafasi nyuma."

Mumbe alisubiri. Mzee Kivuva akaweka mguu kwenye ngazi, akashika chuma cha mlango, akageuka.

"Mmoja," akasema. "Huyu anarudi kazini."

Gari likaondoka. Kutoka uani sauti ya Bi Mwanaima ilikuwa ikiita kwamba jina lake limetoka nusu, Mwana bila ima, na aje mtu amtengenezee kabla hajaonekana mtoto mdogo mbele ya wateja. Mumbe akavua ndara ili akimbie vizuri.

"Nakuja," akaitikia, na mtaa mzima ukamsikia.